Kaka yuko Houston, habari za Kigoma anazo kabla yetu: nani anajua zaidi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Ujiji. Kaka yetu mkubwa yuko Houston, Marekani, huu ni mwaka wa tisa. Kwenye grupu la familia hakukuchi bila kurusha habari za nyumbani: mara Ziwa Tanganyika limefungwa, mara mafuriko, mara boti imezama hapa kwetu Kibirizi (video nimekuambatishia). Mama ana presha, akishasikia hayo halali. Nikimwambia kaka kwamba mambo siyo hivyo, ananijibu kuwa sisi huku tumefichwa, wao ndio wanaoona. Kweli walio nje wanajua zaidi kuliko sisi tuliobaki? Na kwa nini mtu mwenye kazi mbili hachoki kufuatilia nchi aliyoiacha? Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

JIBU: Marahaba binti yangu. Nianze na hiyo video, maana yenyewe inajibu sehemu kubwa ya swali lako.

Nimeitazama huku sauti nimeifungulia mpaka mwisho. Watu wanaopiga mayowe wanalia kwa Kilingala. Ng'ambo yetu, upande wa Kongo, kuanzia Uvira kushuka Baraka mpaka Kalemie, mtu akizama anaita kwa Kiswahili, au Kibembe, au Kifulero. Kilingala utakisikia kwa askari na kwa waliotoka Kinshasa, si kwa boti nzima ya abiria. Maji ni ya kahawia na yamebeba magugu maji. Wewe umekulia Ujiji, unajua ziwa letu likitulia unaona kokoto chini. Kisha tafuta milima: hakuna. Ukisimama Kibirizi siku ya anga safi, milima ya Kongo unaiona imejipanga magharibi. Kwa dalili zote hapo ni mtoni, na ninadhani ni Mto Kongo au tawi lake mojawapo. Ajali ni ya kweli na waliokufa ni watu wa kweli, ila si Kibirizi. Halafu juu ya video kuna mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huiweka kwenye ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kurushwa kwa zaidi ya grupu moja kwa mkupuo, na bado umefika Houston na kurudi Ujiji.

Kwa hiyo kwenye hili kaka kakosea. Lakini usimkimbilie kumwambia, kwa sababu yapo mengine ambayo hajakosea, nitayafikia.

Umeuliza nani anajua zaidi. Kaka yako anajua habari nyingi kuliko wewe, na anaijua Kigoma kidogo kuliko wewe. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja wala hayapingani. Habari ni lile lililotoka nje ya mazoea. Mtu akiishi mahali, habari zinamfikia zikiwa zimezungukwa na mazoea: anajua mvua ya Machi huwaje, mtaa gani hujaa maji kila mwaka, mwenyekiti gani hupenda makuu. Mtu akiwa mbali miaka tisa, mazoea yanafutika na habari zinabaki peke yake. Ukimpa siku thelathini za habari tupu, atakuwa na picha ya mji unaozama, unaoungua na unaogombana tangu asubuhi hadi jioni.

Itazame siku yake. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi ya Houston, kwetu ni saa nane au saa tisa mchana, kutegemea msimu wao. Chaneli zote za Dar es Salaam zimeshapandisha mzigo wa siku. Anaanza na «magazeti ya leo»: kijana anafunua kurasa za mbele mbele ya kamera na kusoma vichwa vya habari kimoja baada ya kingine, gazeti lenyewe halifunguliwi. Walio ughaibuni wanapenda sana vipindi hivi, na siwalaumu, maana magazeti kumi yanaisha kabla chai haijapoa. Lakini maana yake ni kwamba siku nyingi kaka yako anapata kichwa bila kiwiliwili. Njiani kwenda kazini anasikiliza mkutano wa waandishi, laivu, mwanzo mpaka mwisho. Jioni Simba na Yanga. Na timu yetu ya Mashujaa ikicheza hapo Uwanja wa Lake Tanganyika, tangu ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, mtu asiyejua tena samaki wa mgebuka anauzwaje soko la Mwanga atakutajia kikosi kizima, na wa akiba.

Wewe huna nafasi hiyo. Wewe una bando. Laivu ya saa mbili itakumaliza, kwa hiyo unapata klipu ya dakika moja, kesho yake, kutoka kwa mtu. Yeye ana intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa. Hapo tayari mnatazama nchi mbili tofauti, na bado hakuna aliyedanganya mtu.

Kuna jambo la biashara ambalo wengi hawalijui. Chaneli ya YouTube inalipwa kutokana na matangazo, na tangazo linaloonekana na mtu wa Marekani au Uingereza kwa kawaida lina bei kubwa kuliko linaloonekana na mtu wa Kasulu. Mwenye chaneli anaona kwenye takwimu zake watazamaji wanatoka wapi. Akishajua hivyo, kichwa cha habari anamtungia aliye mbali, mwenye wasiwasi na mwenye intaneti, na wasiwasi ndio unaomfanya abofye. Mtambo wa YouTube nao unajifunza: umetazama mafuriko matatu, utaletewa la nne, hata kama ni la miaka minne iliyopita.

Hilo la ziwa kufungwa ndilo mfano mzuri. Mwaka 2024 nchi nne zinazopakana na Tanganyika, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu. Kwetu ilikuwa Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kila mtu Kigoma alielewa. Mitumbwi ilivutwa nchi kavu, dagaa wakawa wa kutafuta, mama lishe wakageukia maharage. Abiria waliendelea kupanda boti, watoto waliendelea kuogelea. Sasa chukua habari hiyo, ikate ibaki «Ziwa Tanganyika lafungwa», weka picha ya askari na boti, mpelekee mtu aliye Texas. Ataelewa nini? Na klipu haina tarehe. Inaweza kulala mwaka mzima kisha ikaamka mtu mmoja akiirusha upya. Nakisia hiyo ndiyo iliyowafikia.

Sasa upande wa kaka. Anaposema mmefichwa, kuna siku amesema kweli tupu.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikataka hata mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ada yake shilingi milioni moja kwa mwaka bila kuhesabu ada nyingine. Wengi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi tu walifunga. JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, nalo lilisimama kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Siku zile wewe na mimi tulikuwa tunapiga simu za kawaida kuulizana hali, wakati aliye Houston alikuwa akitazama video ambazo sisi tulikuja kuziona baadaye. Alikuwa na picha bila kujua mama yake amelalaje. Wewe ulijua mama amelalaje lakini hukujua kinachoendelea mkoa wa pili. Ukimwambia mtu aliyepitia usiku kama ule kwamba apunguze habari, atakuona mtoto.

Na hapa Kigoma hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili, kwa sababu mkoa wetu wenyewe ni ughaibuni kwa wengine. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongomani waliokimbia vita Kivu Kusini. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika, wakajazana hapo na baadaye Nduta na Mtendeli. Wale wa 2015 waliacha nchi ambayo redio zake zilikuwa zimeshambuliwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Mei 13, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilivamiwa na kunyamazishwa katika siku chache. Waandishi wengi walikimbilia Kigali, wakaanza kurekodi vipindi na kuvirusha kwa WhatsApp na intaneti. Siku zile zile kundi jingine lilianzisha SOS Médias Burundi, likatangaza kupitia mitandao ya kijamii kwa sababu halikuwa na mnara. Gazeti la Iwacu, ambalo lilizaliwa Ubelgiji 1993 kabla ya kuhamia nyumbani, tovuti yake ilizibwa ndani ya Burundi kuanzia 2017, lakini aliye nje aliifungua bila shida. Aliyekuwa Bujumbura aliogopa kukutwa na sauti hizo kwenye simu. Shemeji yake aliyekuwa kwenye hema Kasulu alizisikiliza wazi, simu moja imezungukwa na watu kumi. Nani alijua zaidi hapo?

Wakongomani wao wana Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle Februari 2002, inayotangaza kwa Kifaransa na lugha nne za nyumbani, Kiswahili kimojawapo. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu Februari, ukitaka kujua mtu wa Nyarugusu anafuata nini ungetazama masikio yake tu: kila mmoja na kifaa sikioni.

Lakini ngoja. Kurudi Burundi kwa hiari kulianza 2017, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo natumaini utalibeba. Mtu anapotaka kuamua kama ajiandikishe kupanda basi la kurudi, haiulizi redio. Redio ya uhamishoni ilimwambia nani amekamatwa. Redio ya serikali ilimwambia kumetulia. Hakuna hata moja iliyomwambia kama shamba lake lina mtu, kama jirani aliyegombana naye bado yupo, kama kisima kinatoa maji. Hayo aliyatafuta kwa mtu mmoja anayemjua: dada aliyebaki, padri wa kigango, muuza duka. Nimewaona watu waliosikiliza matangazo kila siku kwa miaka, na siku ya kuamua wakasubiri simu ya shangazi mzee asiyejua hata kuandika ujumbe.

Kaka yako hana shangazi huyo. Au anaye, ila shangazi huyo ni wewe, na humtumii kitu.

Umeuliza kwa nini hachoki. Sababu ni zaidi ya moja na sitazimaliza. Sheria yetu haimpi Mtanzania aliye nje nafasi ya kupiga kura huko aliko, kwa hiyo kufuatilia na kubishana ndiyo siasa pekee aliyobakiziwa. Pesa anatuma, mtu anayetuma pesa anataka kujua zinatua kwenye nyumba ya namna gani. Halafu misiba. Kwa Waislamu wa Ujiji maiti hailali. Baba mdogo akifariki alfajiri, alasiri amezikwa, na ndege ya Houston haiwezi kufika. Kinachobaki ni mtu kushika simu makaburini ili kaka aone udongo ukiingia. Ukishazika wazazi na wadogo kwa njia ya simu mara mbili tatu, simu hiyo huiweki chini tena. Kila ikitoa mlio usiku unadhani ni zamu nyingine.

Na kuna heshima. Huko aliko anaitwa jina la kwanza na msimamizi aliyezaliwa yeye akiwa na ndevu. Kwenye grupu la familia bado ni kaka mkubwa, mwenye neno. Habari ndiyo mchango wake wa kila siku. Kila akirusha anasema: nipo, sijawaacha. Ukimjibu «hiyo ni feki» mbele ya watu ishirini, hujaipinga habari, umekataa salamu.

Jambo hili si la leo. Kabla ya intaneti, waliokuwa nje walitegea BBC ya Kiswahili, iliyoanza 1957, na barua za kusubiri wiki. Intaneti ilipofika, walio nje hawakuwa wasomaji tu, walikuwa wajenzi. Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili, aliandika akiwa Marekani. Blogu ya Michuzi ya 2005 ilisomwa mno na walio ughaibuni, kwa sababu ilikuwa na picha za harusi, mikutano na watu wanaowajua. Nasikitika kidogo kwamba namna ile ya habari, ya «nani kaonekana wapi», imezidiwa na ya mayowe.

Ina hatari yake pia, lazima niseme. Aliye mbali halipi gharama ya ushauri wake. Eritrea ilipopigana na Ethiopia kuanzia 1998 hadi 2000, Waeritrea wa Marekani na Ulaya walihamasishana kwa intaneti na kuchangia fedha nyingi za vita. Wakongomani wanaojiita combattants, huko Paris na Brussels, kwa miaka mingi wamewazuia wanamuziki wa nyumbani kutumbuiza wakidai wako upande wa serikali. Februari 2020 mwanamuziki Fally Ipupa alipotumbuiza Paris, moto uliwashwa karibu na stesheni ya treni. Wengi wao wanaiishi Kinshasa ya kwenye simu. Kaka yako hajafika huko, na kurusha video ya boti si kosa la namna hiyo. Ila ukimwona ameanza kuwatukana majirani zenu kwa sababu ya alichosikia kwenye laivu ya mtu, mpigie simu siku hiyo hiyo.

Sasa umwambieje. Kwanza usimwambie kwenye grupu. Mwandikie pembeni, anza na shikamoo kama kawaida, muulize amelalaje, kisha: «Kaka, ile ya boti nimekwenda kuuliza Kibirizi, boti zote zimerudi. Nadhani ni ya Kongo huko mbali, watu wanasema Kilingala.» Basi. Usiongeze somo kuhusu habari za uongo. Ni mkubwa wako na atakasirika. Mwachie yeye arekebishe kwenye grupu, na asiporekebisha, unaweza kusema tu kwamba umeuliza na ziwani kumetulia.

Pili, mwombeni kaka kwa pamoja, wewe na wadogo zako, kwamba habari ya kutisha ije kwako kabla ya kwenda kwa mama. Msianzishe grupu la pili lisilo na kaka. Familia nyingi zinafanya hivyo, kaka anagundua baada ya mwezi, na hapo mnakuwa mmemthibitishia kwamba kweli kuna vitu vinafichwa. Mpe cheo: «Kaka, wewe una muda na intaneti, ukiona kitu nitumie mimi nikakitazame kwa macho.» Hiyo ni kazi ya kweli. Kesho kukizimwa tena, au kukitokea jambo ambalo redio zetu hazilisemi, njia yenu itakuwa imeshazoea kupitisha vitu, yeye akiwa mwenye kuona mbali na wewe ukiwa mwenye kwenda kugusa.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, anza kumlisha mazoea. Si habari. Ukienda sokoni rekodi nusu dakika, usiseme kitu, acha wauzaji waseme wenyewe bei. Mvua ikinyesha mtaani, mwonyeshe imefika wapi na imeishia wapi, utaje siku na tarehe kwa sauti yako ili klipu isije ikawa yatima. Mwambie nani kaoza binti, nani kahamia Gungu, nani kauza mtumbwi. Mwambie mgebuka leo mmepika na nazi au na mawese. Utaona baada ya muda akianza kupima mwenyewe: akiona «Kigoma yote yazama», atakumbuka mtaa aliouona jana ukiwa mkavu. Hakuna chaneli ya Dar itakayompa hayo, hayana matangazo.

Mama naye asiachwe pembeni akisubiri kusomewa. Mpe simu arekodi sauti yake mwenyewe, amsalimie mwanawe, amwambie presha imesomaje kliniki. Mtume saa nne usiku ya kwetu. Houston ni mchana, saa saba au saa nane, na watu wa kazi mbili wengi hupumzika kula wakati huo.